Nani Anahifadhi? Uhakiki wa Msamiati wa Utunzaji wa Ardhi ya Jamii katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki msamiati ambao Kiswahili rasmi cha Tanzania na Kenya hutumia kueleza utunzaji wa ardhi na mahusiano ya watu na maumbile. Maneno yanayochunguzwa ni hifadhi, shirikishi, tengefu na hama, ambayo yanalinganishwa na ngitili ya Wasukuma na kaya ya Wamijikenda. Riwaya za Utubora Mkulima na Gamba la Nyoka zinatumika kuonesha jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyolishughulikia suala hilohilo. Hoja kuu ni kwamba matumizi rasmi yana mwelekeo wa kumwondoa mtenda katika tungo, na kwamba uondoaji huo unaficha swali la nani mwenye mamlaka juu ya ardhi. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna watunga kamusi, wafasiri na wahakiki wanavyoweza kulirejesha swali hilo.

1.0 Utangulizi

Neno hifadhi hutumika katika Kiswahili cha leo kwa maana tatu ambazo aghalabu hazitenganishwi. Kwanza, ni tendo, kama katika hifadhi ya chakula ghalani. Pili, ni hali ya kuwa salama, kama mtu anapoomba hifadhi kwa jirani au mkimbizi anapoiomba katika nchi ya kigeni. Tatu, ni mahali penye mipaka iliyotangazwa kisheria, kama katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Maana mbili za kwanza zinamhitaji mtu: pana anayehifadhi na kinachohifadhiwa, au anayetoa hifadhi na anayeipokea. Maana ya tatu haimhitaji. Hifadhi kama mahali inaweza kutajwa, kupimwa, kuwekewa alama na kuandikwa katika ramani bila kumtaja mtu yeyote aliyefanya au anayefanya lolote.

Katika mijadala ya ardhi, maana hii ya tatu ndiyo iliyotawala. Mtu akiambiwa leo kwamba kijiji fulani kiko jirani na hifadhi, haulizi ni nani anayehifadhi. Anauliza mpaka uko wapi. Makala hii inashikilia kwamba badiliko hilo si la kimsamiati tu. Limekuja pamoja na utaratibu wa kisheria uliotenganisha ardhi ya watu na ardhi inayotunzwa, na limeifanya lugha iyaone mambo hayo mawili kuwa kinyume hata pale ambapo kwa karne nyingi yalikuwa jambo moja.

2.0 Hifadhi: Kutoka Tendo hadi Mahali

Hifadhi limetokana na Kiarabu, na Waswahili wa pwani walilipokea likiwa na uzito wa kidini. Kuhifadhi Kurani ni kuiweka moyoni. Aliyeihifadhi hukaa nayo, huisoma, huidurusu; akiacha kuidurusu, humtoka. Katika matumizi haya kitu hulindwa kwa kukaribiwa mara kwa mara. Kukaa mbali nacho ndiko kunakokipoteza.

Ukiweka matumizi haya kando ya yale ya kisheria, tofauti inajitokeza. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinaigawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mgawanyo huu una sababu zake za kiutawala. Hata hivyo, kisemantiki unazua jambo: kwa kuwa ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi ni mafungu mawili tofauti, ardhi ya kijiji inafasiliwa kimyakimya kuwa ardhi isiyohifadhiwa, nayo ardhi ya hifadhi kuwa ardhi isiyo na kijiji. Mkulima aliyeacha miti ya mvule shambani mwake kwa miaka 40, au mfugaji anayelaza sehemu ya malisho ili nyasi zirudi, hana neno katika mgawanyo huo linalotambua anachokifanya.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi katika ardhi ya kijiji. Mfano unaotajwa mara nyingi uliitangulia sheria hiyo. Katika msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, Serikali ilikuwa imekusudia kuutangaza msitu kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga, na kuanzia mwaka 1994 vijiji vinane vinavyouzunguka vikaanza kuusimamia vyenyewe kwa sheria ndogo na doria zao. Sheria ilikuja baadaye kukipa jina kitendo kilichokwisha kuwapo. Jina lenyewe, msitu wa hifadhi wa kijiji, linaonesha jinsi ilivyokuwa vigumu kuyaunganisha maneno ambayo sheria zilizotangulia zilikuwa zimeyatenganisha.

Utata zaidi unaonekana katika kirai hifadhi ya jamii. Nchini Kenya, kirai hiki hutumika kwa maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jamii, na jamii hapo ni mmiliki au mtenda. Nchini Tanzania, kirai hichohicho kinafahamika zaidi kwa maana ya mifuko ya pensheni na mafao, na jamii hapo ni mtendwa: ndiyo inayohifadhiwa. Kihusishi -a unganifu hakitofautishi uhusiano wa mtenda na ule wa mtendwa. Muktadha ndio unaoamua. Msomaji anayekutana na hifadhi ya jamii katika waraka wa ardhi ana haki ya kuuliza kama jamii inayotajwa inahifadhi, inahifadhiwa, au inahifadhiwa isikaribie. Mara nyingi waraka haujibu.

3.0 Kauli za Vitenzi na Mtenda Aliyefichwa

Tangu miaka ya 1990, sera za misitu na wanyamapori zimehimiza ushiriki wa wananchi, na istilahi iliyoshika ni usimamizi shirikishi. Istilahi hii ni ya kupongezwa kwa nia yake. Inafaa pia kuchunguzwa kwa umbo lake. Kivumishi shirikishi kimeundwa kutokana na kitenzi shirikisha, kilicho katika kauli ya kutendesha. Anayeshiriki hufanya kwa hiari na nguvu zake. Anayeshirikishwa hufanyiwa na mwingine aliyeamua kumshirikisha. Kauli ya kutendesha humwongezea kitenzi mtenda wa juu, anayesababisha tendo, na katika istilahi hii mtenda huyo hatajwi. Anafahamika tu: ni Serikali, mradi au mfadhili.

Kauli hii haiko peke yake. Maandishi ya miradi ya mazingira hujaa tungo za aina ya wananchi waelimishwe, wahamasishwe, washirikishwe na wanufaishwe. Vitenzi vyote vinne viko katika kutendeshwa. Vikisomwa kwa mfululizo, vinamchora mwananchi ambaye kabla ya mradi hakuwa na elimu, hamasa, sauti wala manufaa, na ambaye kila kimojawapo hukipokea kutoka nje. Mkazi wa Duru-Haitemba aliyelinda msitu wake dhidi ya mpango wa kuuchukua hapatikani katika tungo hizo, maana yeye hakushirikishwa. Alianza.

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi pale ambapo uchaguzi wa kauli unabeba mgogoro mzima. Mwezi Juni 2022 kaya za kwanza kutoka Ngorongoro zilipelekwa Msomera, wilayani Handeni, katika mkoa wa Tanga. Eneo la Ngorongoro liliundwa mwaka 1959 likiwa la matumizi mseto, ambamo wafugaji wa Kimasai na wanyamapori wangeishi pamoja, na baadhi ya wafugaji hao walikuwa wametolewa Serengeti. Katika kauli rasmi, wakazi walihama kwa hiari. Katika kauli za wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu, walihamishwa. Hama na hamishwa yanatofautiana kwa viambishi vya unyambulishaji tu, lakini viambishi hivyo vinajibu swali zima la nani aliamua. Neno hiari nalo linastahili kuangaliwa. Mtu anayehama kwa kawaida haelezwi kuwa amehama kwa hiari, kwa sababu hiari imo tayari ndani ya kitenzi. Linapoongezwa, linaonesha kwamba msemaji anajua kuna mtu anayeshuku. Mwanaisimu hana budi kuliona hilo, hata kama uamuzi juu ya ukweli wa kila kaya iliyoondoka si kazi ya isimu.

Umbo la neno peke yake, hata hivyo, halitoshi kuhukumu. Neno tengefu linathibitisha. Limetokana na kitenzi tenga na kiambishi -fu kinachoeleza hali, kwa hiyo nalo halimtaji mtenda. Nchini Tanzania, pori tengefu ni daraja la kisheria la eneo la wanyamapori linalotangazwa na mamlaka ya dola. Huko Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wavuvi walipoona samaki wanapungua, waliamua katikati ya miaka ya 2000 kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na sehemu hiyo ikaitwa tengefu. Neno ni lilelile. Anayelitamka kule bara analiona katika waraka wa mamlaka. Anayelitamka Kuruwitu anawafahamu kwa majina waliolitenga eneo hilo, na huenda alikuwapo siku ya uamuzi. Kwa hiyo, kosa haliko katika neno. Liko katika kulitumia mahali ambapo msikilizaji hana njia ya kumjua mtenda.

4.0 Ngitili na Kaya: Maneno Yenye Watu Ndani

Ngitili ni neno la Kisukuma kwa eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikomaa, ili mifugo ipate nyasi wakati ambapo kwingine zimekwisha. Pana ngitili za kaya na ngitili za kijiji. Sheria zake zilisimamiwa na mikutano ya wanakijiji iitwayo dagashida pamoja na walinzi wa sungusungu. Kwa mtazamo wa semantiki, ngitili inatofautiana na hifadhi kwa jambo moja la msingi: mpaka wake ni wa wakati kama ulivyo wa mahali. Kufungwa kwake hakuna maana bila kufunguliwa. Neno lina ndani yake mtu anayefunga, mtu huyohuyo anayefungua, na ng'ombe wanaosubiri.

Uondoaji wa watu katika makazi yao wakati wa uanzishwaji wa vijiji, katikati ya miaka ya 1970, uliziharibu ngitili nyingi za Shinyanga, kwa kuwa waliozifunga hawakuwa tena karibu nazo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986, wakati sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki uwanda mkavu. Ngitili zilipopewa nafasi katika mradi huo, maeneo yaliyorejeshewa uoto yalifikia mamia ya maelfu ya hekta. Mti uliorudi aghalabu haukupandwa. Mizizi na mbegu zilikuwamo ardhini zikisubiri kupumzishwa.

Jina la mradi huo lina mvuto wa kisarufi. Halikuitwa Hifadhi ya Ardhi. Bila kihusishi -a unganifu, hifadhi ardhi inaweza kusomwa kama kitenzi katika hali ya kuamuru, chenye yambwa yake, kinachosemeshwa kwa mtu: wewe, hifadhi ardhi. Msomaji mwenye kupenda nadharia angeweza kuharakisha kusema kwamba kitenzi hicho ndicho kilichomrejesha mtenda. Historia inamzuia. Mradi uliotangulia, Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973 ukiwa na jina la muundo huohuo, nao mwaka 1979 uliondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, lakini wafugaji walilipa kwa kupoteza makundi yao au kuyapeleka mbali. Amri ileile, hifadhi ardhi, ilitekelezwa Kondoa kwa kuwaondolea watu riziki yao, na Shinyanga, hatimaye, kwa kuitumia desturi yao. Sarufi ilifungua mlango. Aliyepita humo aliamuliwa na siasa.

Wala ngitili isipambwe kupita kiasi. Mwenye ng'ombe wengi hunufaika na malisho ya kiangazi kuliko asiye na ng'ombe, na mwanamke anayetafuta kuni hukutana na katazo lilelile kama mfugaji tajiri. Jamii nayo ina wakubwa na wadogo wake. Tofauti ni kwamba katika dagashida mlalamikaji anajua ni nani wa kumlalamikia.

Neno la pili ni kaya. Katika Kiswahili sanifu, hasa cha Tanzania, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja chini ya mkuu mmoja. Ndicho kipimo kinachotumika katika sensa. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi ya kale yaliyozungushiwa msitu, ambayo watu waliyahama hatua kwa hatua na ambayo wazee wanaendelea kuyalinda kwa miiko na matambiko. Mwaka 2008, UNESCO iliiandikisha misitu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni anayeitazama huona msitu mtakatifu. Neno lenyewe linasema nyumbani. Miti ya kaya haikuachwa kwa sababu hakuna mtu aliyeishi humo. Iliachwa kwa sababu mababu waliishi humo na wamezikwa humo. Kukata mti ni kubomoa nyumba ya wahenga.

Maana hizi mbili za kaya, ya sensa na ya msitu, hazipaswi kuchukuliwa kuwa ajali ya kimsamiati. Zinashuhudia kwamba katika lugha za Kibantu za ukanda huu lilikuwapo wazo ambalo kwalo makao ya watu na msitu unaoyazunguka hutajwa kwa pumzi moja. Kiswahili rasmi kimechukua nusu ya wazo hilo, kikaipeleka katika fomu za takwimu, na kuiacha nusu ya pili kama jina la kivutio cha utalii.

5.0 Fasihi na Swali la Ardhi

Fasihi ya Kiswahili haikulikwepa suala hili, ingawa uhakiki wake umelisoma zaidi kama siasa au maadili. Katika Utubora Mkulima, Shaaban Robert anamwondoa mhusika wake katika ajira ya mjini na kumpeleka shamba, ambako analima kwa mikono yake na kupata utulivu. Hapa ardhi ni mwalimu wa utu. Riwaya inafaulu kuonesha kwamba ukaribu na udongo humbadilisha mtu. Kinachokosekana ni jamii kama mwenye ardhi: uhusiano wa Utubora na shamba ni wa mtu mmoja mwema na kipande chake. Msomaji hapati picha ya kutosha ya namna wanakijiji wanavyoamua pamoja nini kilimwe na nini kiachwe. Hifadhi imekuwa fadhila ya moyo, na fadhila ya moyo haiwezi kumzuia anayekuja na hati.

Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1979, inasimama upande wa pili. Inahusu uanzishwaji wa vijiji vya ujamaa na jinsi wanavijiji walivyoupokea, wengine kwa upinzani mkali, huku vijana wasomi kama Mambosasa na Mamboleo wakisimama kati ya sera na watu. Wahakiki wameisoma sana kama tathmini ya Azimio la Arusha na matokeo yake. Ikisomwa pamoja na historia ya ngitili, inaongea jambo jingine. Anayeng'olewa katika makazi yake anapoteza zaidi ya nyumba. Anapoteza ujuzi wa mahali: ni bonde lipi linabaki na maji, ni kichaka kipi kina dawa, ni malisho yapi yalikuwa yamefungwa na nani. Ujuzi huo haubebeki kwenye lori. Taswira ya gamba ambalo nyoka hulivua akabaki nyoka yuleyule inaifaa pia istilahi ya usimamizi shirikishi pale inapovishwa juu ya utaratibu wa zamani wa amri kutoka juu.

Riwaya hizi mbili, zikiwekwa pamoja, zinaonesha pengo. Ya kwanza ina mtenda asiye na jamii. Ya pili ina jamii iliyonyang'anywa utendaji. Mhusika anayefunga na kufungua malisho pamoja na wenzake, akagombana nao juu ya faini na kurudi mkutanoni wiki inayofuata, bado anahitaji kutafutwa na wahakiki, na kuandikwa na watunzi pale asipopatikana.

6.0 Hitimisho

Pingamizi linaloweza kutolewa dhidi ya makala hii ni kwamba maneno hayahamishi watu. Mipaka, silaha na fedha ndivyo vinavyohamisha. Pingamizi hilo ni la haki, na mfano wa HASHI na HADO unaliunga mkono. Lakini mpaka huanza kama tungo katika waraka. Mwanakijiji anayeletewa waraka huo anahitaji kuona katika Kiswahili chake ni nani anayetenda, ili ajue wapi pa kupeleka idhini yake au pingamizi lake. Tungo isiyo na mtenda inamnyima hatua ya kwanza ya kujitetea.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo matatu. Watunga kamusi waitofautishe maana ya hifadhi kama tendo na ile ya mahali kwa vidahizo au mifano inayomwonesha mtenda, na kaya ipewe maana zake zote mbili. Wafasiri wa sera na sheria watumie shiriki badala ya shirikisha pale ambapo jamii ndiyo mwenye uamuzi, na pale ambapo siyo, wamtaje anayeshirikisha. Wahakiki wa fasihi nao waisome ardhi katika riwaya za Kiswahili kwa kuuliza, katika kila ukurasa inapotajwa, nani anayeitunza, kwa idhini ya nani, na nani atakayeifungua kiangazi kikifika.